Simuleta za ndege za kivita: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuzifanya zikushtue upya

Maswali haya ni ya wanaorusha simuleta za DCS World, IL-2 na Falcon BMS, hasa wale ambao wameanza kutunga misheni zao wenyewe. Majibu hayajifanyi kutoegemea upande. Aliyeyaandika anaamini kwamba picha nzuri tumeshazipata za kutosha. Kinachokosekana ni ile hali ya rubani kutojua kinachomsubiri mbele.

Ndege ni nzuri, picha ni safi, mbona nachoka nayo haraka?

Kwa sababu umeshaikariri misheni. Unajua ukivuka mto ndege mbili za adui aina ya MiG zitatokea kushoto, ukimaliza nazo kombora litarushwa kutoka kilimani, kisha uwanja wa nyumbani utakungoja, na taa zake zinawaka. Huo si urubani, ni ngonjera. Rubani halisi alipaa akiwa na taarifa chache, nusu yake zimepitwa na wakati, na mara nyingi alirudi bila kumwona adui hata mmoja. Siku adui alipotokea, moyo ulimruka.

Si niongeze tu maadui na bahati nasibu?

Maadui wengi huleta kelele, hawaleti mshangao. Na bahati nasibu tupu huchosha upesi kuliko unavyodhani, kwa sababu jambo lisilo na sababu halikufundishi chochote. Injini ikizima bila kisa utakasirika. Ikizima kwa kuwa dakika kumi zilizopita risasi moja ilipita kwenye kipoza maji nawe hukuangalia geji, utaikumbuka safari hiyo mwaka mzima.

Kipimo ninachokitumia ni hiki: mchezaji akishashtuka, je, anaweza kurudi nyuma akagundua kwa nini jambo lile lilitokea? Historia imejaa visa vya namna hiyo. Tarehe 23 Juni 1942 rubani wa Kijerumani Armin Faber alipambana na ndege za Kiingereza aina ya Spitfire kusini-magharibi mwa Uingereza, akapotea mwelekeo. Akaona maji chini yake, akadhani ni bahari inayotenganisha Uingereza na Ufaransa, kumbe ni ile ghuba iliyo kati ya Uingereza na Wales. Akavuka, akaona uwanja wa ndege, akatua kwa raha zake. Ulikuwa uwanja wa Pembrey, wa jeshi la anga la Uingereza. Waingereza wakajipatia Focke-Wulf 190 nzima, ndege waliyokuwa wakiitafuta kwa udi na uvumba.

Sasa fikiria mchezo ambamo adui aliyechanganyikiwa anashusha magurudumu juu ya uwanja wako. Utampiga? Utamsindikiza hadi atue? Wenzako watakuelewa kwenye redio, au watamtungua kabla hujamaliza kuwaeleza? Haya yanahitaji tu adui anayeweza kupotea.

Katika edita ya misheni ya DCS nifanye nini hasa?

Wengi huanza kwa kuchezea asilimia. Kila kundi lina sehemu ya kuweka uwezekano wa kutokea, basi mtu anaweka asilimia 50 hapa, 30 pale, akidhani amemaliza. Matokeo yake ni vurugu: leo kuna rada bila makombora, kesho makombora bila rada.

Njia bora ni kuchagua kisa kwanza. Mwanzoni mwa misheni, weka bendera moja (namba ya siri ambayo edita huikumbuka na mchezaji haioni) ipewe namba kwa kubahatisha, mathalani 1 hadi 3. Namba 1: adui amepata fununu kwamba unakuja. Namba 2: uwanja wake umefunikwa na ukungu, ndege hazipai. Namba 3: rubani wake mmoja ameanguka asubuhi na anga yote imeshughulika kumtafuta. Baada ya hapo makundi yote yasubiri, yawe yamewekwa kuamka baadaye, na kila moja liamke kulingana na kisa kilichochaguliwa. Katika kisa cha kwanza rada zinanyamaza hadi ufike karibu kabisa. Katika cha tatu kuna helikopta inazunguka bondeni, na magari yanakimbia kwenye barabara ambayo kwa kawaida huwa tupu.

Halafu acha dalili, kwa sababu hapo ndipo utamu ulipo. Kabla ya kukutana na adui mchezaji aone kitu kinachomwambia leo si kama jana: moshi mahali pasipostahili, kimya kwenye masafa yaliyozoea kelele, ndege inayojaza wenzake mafuta angani iliyohama kituo chake. Akizisoma vizuri atajiokoa. Akizipuuza asiwe na wa kumlaumu.

Tatizo la mtunzi ni kwamba anajua siri zake mwenyewe. Dawa ni kubadilishana misheni na rafiki: tunga yake, naye atunge yako.

Kampeni inayojiendesha yenyewe ina tofauti gani na ya kawaida?

Kampeni ya kawaida ni misheni zilizopangwa foleni. Inayojiendesha ni vita inayoendelea uwepo usiwepo. Mfano unaotajwa hadi leo ni Falcon 4.0 ya MicroProse, iliyotoka mwaka 1998 na kuwekwa katika rasi ya Korea. Ukiwa umekaa kwenye ramani ukinywa chai, vifaru vinasogea, madaraja yanapigwa, vikosi vinaishiwa ndege. Kompyuta za wakati ule zisingeweza kuhesabu kila risasi, kwa hiyo mambo yaliyo karibu na mchezaji yaliendeshwa kwa undani wote, na ya mbali kwa hesabu za jumla tu. Ilikuwa mbinu ya kubana matumizi, lakini ndiyo iliyozaa ile hisia ya kupita juu ya moshi wa pambano lisilokuhusu na kujiuliza ni nani aliyeungua kule.

Msimbo wake ulivuja mwaka 2000. Wapenzi wakaushika, na Falcon BMS ya leo ni tunda la kazi hiyo. Kwa DCS ipo programu ya bure iitwayo DCS Liberation, ambayo inapanga vita kwa zamu na kukutengenezea misheni kutokana na hali ilivyo. Upande wa IL-2 mpya, kuna sehemu ya kazi ya urubani ambamo kikosi chako kina watu wenye majina na hasara zinabaki.

Ushauri wangu: hata ukitunga misheni mojamoja, beba jambo moja kutoka safari moja hadi nyingine. Daraja ulilolikosa jana liwe ndilo linalovusha vifaru leo.

Mbona marubani wa kompyuta hawana woga?

Kwa sababu wengi wametengenezwa kushinda, hawakutengenezwa kuishi. Katika simuleta nyingi ndege ya kompyuta inapigana hadi tone la mwisho, inakuona ukiwa nyuma yake, na inaruka kwa kanuni nyepesi kuliko zako. Mchezaji huuhisi udanganyifu huo hata asipoweza kuutaja.

Linganisha na watu wa kweli. Tarehe 26 Juni 1943 Mmarekani Robert Johnson alikuwa akirudi na ndege ya kivita ya P-47 iliyotobolewa kila mahali, kifuniko cha chumba kimekwama, hawezi hata kujirusha kwa mwavuli. Focke-Wulf moja ikamfuata, ikampiga na kumpiga hadi risasi zikaisha. Kisha ikaja ubavuni mwake, rubani akamtazama, akatikisa mabawa na kwenda zake. Desemba 20 ya mwaka huohuo rubani wa Kijerumani Franz Stigler aliikuta B-17, ndege ya mabomu ya Mmarekani Charlie Brown, ikiwa imechakaa kwa risasi, akaona majeruhi ndani, akaisindikiza kuelekea baharini badala ya kuimaliza.

Mchezo hauhitaji akili ya ajabu ili kutoa matukio kama haya. Mpe kila rubani wa kompyuta mambo matano ya kupima: mafuta, risasi, wenzake waliobaki, majeraha, na kiwango cha ujasiri ambacho wewe huoni. Asiye na uzoefu afyatue mapema mno na kuvunja msafara. Mkongwe akatae pambano lisilo na faida apande juu, akuache ukijiuliza amekwenda wapi. Adui aliyeondoka anatisha kuliko aliyebaki.

Kwa sasa DCS inakuwezesha kumwambia adui arudi nyumbani risasi zikiisha au mafuta yakifika kiwango fulani, kumpangia namna ya kuitikia hatari, na kuuacha ujuzi wake uchaguliwe kwa kubahatisha. Ni vitu vidogo, na ajabu ni kwamba misheni nyingi za bure hazivitumii.

Vipi kuhusu hitilafu za ndege?

Zipo simuleta zenye orodha ndefu ya hitilafu unazoweza kuwasha. Ziwashe kwa kiasi, na pendelea zile zinazotokana na ndege yenyewe jinsi ilivyoundwa, kwa sababu kila ndege ina ukorofi wake.

Injini ya Merlin kwenye Spitfire na Hurricane za mwaka 1940 ilitumia kabureta. Rubani akisukuma pua chini ghafla, mafuta yalikatika na injini ikakohoa. Messerschmitt 109 ilipuliziwa mafuta moja kwa moja, kwa hiyo Mjerumani aliyebanwa alijitupa chini na kumwacha Mwingereza akihangaika na injini. Mhandisi Beatrice Shilling wa kituo cha utafiti wa ndege cha Farnborough ndiye aliyeleta nafuu mwaka 1941, kwa kipande kidogo cha chuma chenye tundu kilichozuia mafuta kufurika kwenye kabureta. Au chukua ndege ya Kimarekani Mustang aina ya B: bunduki zake zililazwa kwa pembe ndani ya bawa jembamba, zikawa zinakwama rubani anapokata kona kali. Mchezaji asiyejua hilo atashtuka mara ya kwanza. Akishajua, atapigana kwa namna nyingine, na hapo simuleta imemfundisha jambo la kweli.

Wazo ambalo ningependa kuliona likikamilishwa: ndege yenye kumbukumbu. Namba ya mkiani iwe ni ndege ileile kesho na keshokutwa. Aliyeirusha jana alikaba injini kupita kiasi, leo inachemka mapema. Fundi akuambie kabla hujawasha, “Kaka, hii inavuta kushoto kidogo, usiilazimishe.” Ukimpuuza ni juu yako.

Nizime lebo zinazoonyesha jina na umbali wa ndege?

Zima. Hakuna badiliko moja lenye nguvu kuliko hili, na ni la bure. Lebo ikiwepo wewe si rubani, ni msoma maandishi. Kama kioo chako ni kidogo na ndege za mbali hazionekani kabisa, DCS ina lebo za nukta tu, na hizo naziruhusu bila kinyongo.

Ukizizima utagundua kwamba swali gumu zaidi angani ni “Huyu ni wetu?” Tarehe 6 Septemba 1939, siku chache tu baada ya vita kutangazwa, Spitfire za Uingereza zilitungua Hurricane mbili za Uingereza mashariki mwa nchi hiyo, na rubani Montague Hulton-Harrop akafa. Tarehe 1 Januari 1945 Wajerumani walifanya shambulio lao kubwa la alfajiri kwa siri kiasi kwamba baadhi ya mizinga yao ya kutungulia ndege haikuarifiwa, ikawapiga wao wenyewe. Na karibu zaidi nasi, mwaka 1978 Vita vya Kagera vilipoanza, walinzi wa anga wa Tanzania huko Musoma walitungua MiG za Tanzania yenyewe.

Kwa hiyo mtunzi wa misheni usiogope kupitisha ndege za upande wako mahali na saa ambayo mchezaji hakuambiwa. Hukumu iwe yake.

Maandishi ya “umetungua” nayo niyazime?

Ndiyo, na ningeenda mbali zaidi. Tarehe 15 Septemba 1940 Uingereza ilitangaza kutungua ndege 185 za Ujerumani. Hesabu zilizofanywa baada ya vita ziliishusha hadi takriban 60. Hawakuwa waongo. Watu watatu waliipiga ndege moja, kila mmoja akaiona ikitoa moshi, ikapotea mawinguni, kila mmoja akaandika yake. Mchezo mzuri ungekuuliza baada ya kutua, “Uliona nini?” kisha ukakuletea jibu siku inayofuata: imethibitishwa, haijathibitishwa, au kuna mwenzako anadai ni ya kwake.

Safari ndefu zisizo na tukio si zinafukuza watu?

Zinafukuza baadhi. Weka uwezo wa kuharakisha saa, lakini usiuache uwe usalama. Saa ikiharakishwa na kitu kikatokea, irudi kawaida bila kukuambia ni kitu gani. Mwanzoni ni nukta tu, na pengine ni ndege wa porini.

Sauti na redio zina umuhimu gani?

Kuliko picha, kwa maoni yangu. Macho huzoea haraka, masikio yanabaki macho. Vaa vipokea sauti vinavyofunika sikio zima, punguza muziki hadi sifuri, na ongeza sauti ya upepo na chuma.

Kwa wanaocheza na wenzao DCS, ipo programu ya bure ya SimpleRadio Standalone. Inafanya redio iwe redio: lazima muwe kwenye masafa mamoja, umbali unapunguza sauti, na mlima ukiwa katikati hamsikiani. Mara moja tu utakapomwita mwenzako aliyezama bondeni na ukapata mkwaruzo badala ya jibu, utaelewa. Tena lugha ibaki yenu. Kikosi kinachoongea Kiswahili cha kawaida, “Nipo nyuma yako, saa nane, kata kulia!”, kina uhai kuliko kinachoigiza Kiingereza cha sinema. Ila kubalianeni mapema saa mnazisoma kwa mtindo upi. Uso wa saa ya ukutani unasema nane, na kuna watu wataelewa mbili.

Ni lazima niwe na miwani ya uhalisia pepe?

Hapana. Ni kifaa kizuri, lakini kinahitaji kadi ya picha yenye nguvu na bei yake haichezi. OpenTrack ni programu ya bure inayoweza kufuatisha kichwa chako kwa kamera ya kawaida ya kompyuta. Ukigeuza shingo kidogo, rubani anageuza yake. Joistiki ya bei nafuu pamoja na OpenTrack vinatosha kabisa kukutoa jasho.

Mbona hatuoni ramani ya Afrika Mashariki?

Kampuni hutengeneza zinazonunuliwa, na wanunuzi wengi wanataka Ulaya, Pasifiki na Mashariki ya Kati. Aliyeko Oman angalau anaweza kupaa kutoka Khasab kwenye ramani ya Ghuba ya DCS. Sisi wengine tunangoja.

Na kisa kipo, tena cha ajabu: delta ya Rufiji, 1914 na 1915. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha ndani ya mikoko, mahali ambapo meli kubwa za Uingereza hazikuweza kufika wala kuona. Rubani Dennis Cutler aliletwa na boti-ndege ya Curtiss iliyokodiwa Durban, akaiona meli, kisha Desemba akashuka deltani na kutekwa. Ndege zilizofuata zilishindwa na joto na unyevu wa pwani kuliko zilivyoshindwa na adui: mbao na gundi vilijiachia, injini hazikupata nguvu ya kupanda. Hatimaye zikaja nyingine, zikiruka kutoka kisiwa cha Mafia. Tarehe 11 Julai 1915 rubani Cull na mwangalizi wake Arnold walizunguka juu ya mto wakielekeza mizinga ya meli za Uingereza Severn na Mersey kwa mlio wa Morse. Ndege yao ikapigwa, injini ikafa. Wakati Cull anateleza kuelekea majini, Arnold aliendelea kutuma masahihisho ya shabaha. Königsberg haikutoka tena mtoni. Mzinga wake mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, ukipita unaweza kuugusa.

Hebu itazame kama misheni. Hupigi hata risasi moja. Kazi yako ni kuona risasi za wengine zinaangukia wapi na kusema kwa ufupi, huku ukipigwa kutoka chini ya miti usipoweza kuona kitu. Mashine yenyewe ndiyo adui wa kwanza. Hii unaweza kuijaribu leo kwenye ramani yoyote yenye mto na msitu: chukua ndege ndogo isiyo na silaha, mpe rafiki yako mizinga, mzuie asione lengo, na wekeni kikomo cha maneno matano kwa kila ujumbe.

Rubani wangu akifa, nianze upya?

Angalau katika kampeni moja, ndiyo. Mpe jina, andika safari zake kwenye daftari, na akifa asirudi. Utashangaa jinsi utakavyoanza kuwa mwoga, na woga huo utakufanya urushe vizuri zaidi.

Mshangao ukizidi je?

Unageuka kero. Misheni tatu za kawaida kabisa kwa moja yenye jambo zinatosha. Za kawaida ndizo zinazokufanya uamini kwamba leo pia hakuna kitu.

Kompyuta yangu ni ya zamani. Nina pa kuanzia?

Unapo. IL-2 Sturmovik: 1946, mkusanyo wa mwaka 2006, bado inaruka kwenye mashine nyonge, ina edita ya misheni na kampeni zinazojitengeneza, na karibu kila ushauri ulio hapa juu unatekelezeka ndani yake. Falcon BMS inadai nguvu zaidi kidogo. Yenyewe ni ya bure, lakini haikubali kujisakinisha mpaka uwe na nakala halali ya ile Falcon 4.0 ya zamani, ambayo huuzwa mtandaoni kwa bei ndogo.